Jalada la Makaburi ya Pito

Tangu Februari ya mwaka 1983 Bertilla alikuwa akizika majani pale Pito, na kwa muda wote huo hapakuwa na ofisi hata moja iliyopata kumwuliza ameona nini. Ilipofika Agosti ya 1994 ofisi zikamkumbuka kwa mpigo mmoja. Hazikuja kuuliza. Zilikuja kumwambia ahame.

Barua aliileta Flavian, mkuu wake katika kituo kidogo cha utafiti wa mazao, ambaye zamani alisoma naye Morogoro na kunakili kazi zake za botania bila haya. Siku hizi alitembea na mkoba mweusi aliopewa kwenye semina ya soko huria, wenye jina la semina ubavuni kwa herufi za dhahabu. Bertilla aliamini kwamba ndani ya mkoba ule hamkuwa na kitu isipokuwa mkoba wa semina iliyotangulia.

“Dada Bertilla, usinichukie mimi,” alisema Flavian, amesimama nje ya shamba ili viatu visiingie vumbi. “Haya ni mabadiliko. Kampuni ya Mavuno Mapya wanataka shamba la mfano. Mbegu chotara, mbolea ya kiwandani, trekta. Oktoba wanalima.”

“Oktoba mvua haijanyesha. Nafumua matuta mwishoni mwa Novemba, napanda ulezi Desemba, navuna Juni. Nipe mpaka Juni.”

“Juni.” Flavian alicheka kwa pua. “Tangu tukiwa vijana wewe unaomba Juni.”

“Hii ni ya mwisho. Shamba nimeligawa sehemu nne, kila sehemu inazikwa mara tatu. Hii ya nne nimeizika mara ya tatu Februari iliyopita. Bila mavuno yake, hizo nyingine zote ni hadithi.”

“Ndiyo maana nasema ni mabadiliko. Wenzetu hawazungumzi majani tena, dada. Wanazungumza soko. Soko ndilo litakaloamua.”

“Mizizi ya soko ina kina gani?”

Flavian alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa aliyekataa dawa, akampa barua asaini kwamba ameipokea. Barua ilisema mkuu wa kituo amelikagua shamba kwa macho yake na kuthibitisha kwamba ni eneo wazi, lisilo na zao wala jaribio lolote. Alikuwa ameyaandika hayo kabla hata ya kuja kulitazama.

Watu wa Ufipa hawahitaji kuelezwa ntumba ni nini, lakini wenye mikoba huhitaji. Mwezi wa pili, udongo ukiwa bado umelainika kwa mvua, mkulima hufyeka majani, huyarundika, kisha huyafunika kwa udongo mpaka kinyanyuke kilima kinachofika magotini. Majani huoza humo miezi yote ya baridi na upepo. Mvua mpya ikianza, kilima hufumuliwa, udongo husambazwa, ulezi humwagwa juu yake. Kwa Kiswahili cha pale Pito kazi hiyo waliiita kuzika majani, au kuzika tu, na mama yake Bertilla alikuwa akizika tangu kabla ya wakoloni kuja na vitabu vya kumweleza kwamba hajui kulima.

Bertilla alitoka kwa mama huyo akaenda kwa masista, kutoka kwa masista akaenda Morogoro, na kutoka Morogoro akarudi na shahada na swali moja. Alitaka kujua mzizi wa ulezi hufanya nini hasa unapokutana na majani yaliyooza. Hakuna aliyewahi kuuona. Watu walipima punje, wakapima majani, wakapima urefu wa shina. Mzizi waliung’oa, wakaukausha, wakaupima ukiwa maiti. Yeye alitaka kuuona ukiwa hai, ukitembea.

Basi aliomba vioo vya madirisha ya zamani ya nyumba ya mapadri, akavizika wima ardhini, kimoja kwa kila tuta, akavifunika kwa ubao ili mwanga usiisumbue mizizi. Ntumba za kawaida ni za mviringo. Zake alizirefusha ili zilingane na kioo. Kila Ijumaa alifunua ubao, akalala kifudifudi, na kuchora kila mzizi ulioonekana. Alama za matuta alimwagiza Felisiani, seremala wa parokia, vigingi vya kawaida tu. Felisiani alizoea kutengeneza kitu kimoja cha mbao mbili, na hicho ndicho alichomtengenezea: kigingi kirefu na ubao mfupi uliopita katikati. Bertilla alipolalamika, aliambiwa kwamba hivi havipinduki na upepo. Kweli havikupinduka. Juu ya kila kimoja aliandika jina la jani na tarehe ya kuzikwa.

Alichokiona kupitia vile vioo kingemfanya mtu mwingine ajengewe ofisi. Mzizi wa ulezi, ukifika wiki ya tano, huacha kwenda chini. Hukata kona, huelekea kwenye tabaka la majani yaliyooza, na ukishalifikia huchanua vinyweleo vingi kiasi kwamba penseli haikutosha kuvihesabu. Tena si kila jani liliuita mzizi kwa wakati mmoja. Sangari, lile gugu la mashambani, iliwahi kuoza na kumaliza chakula chake kabla mzizi haujafika. Nyasi za kuezekea zilichelewa. Ukoka ulijaribu. Marejea, ile mikunde yenye maua ya manjano ambayo watu huipanda pembezoni, iliiva sawasawa na wiki ya tano, kana kwamba vilipatana.

Mtaalamu mmoja mgeni alipita mwaka 1986 akauliza njia ile ameitoa katika kitabu gani. Bertilla alijibu kwamba ameitoa kwa mama yake. Mtaalamu alifunga daftari lake na kuuliza choo kiko wapi. Mwaka 1990 Bertilla aliandika taarifa ndefu akampa Flavian, nayo ikarudi na mstari mmoja wa wino mwekundu: haina marejeo. Alitafakari sana angemrejea nani, wakati yeye ndiye alikuwa wa kwanza kutazama.

Na sasa ruzuku ya mbolea ilikuwa imeondolewa. Mfuko wa mbolea ulikuwa umekuwa kama ndugu aliyehamia Dar es Salaam: watu waliuulizia hali, lakini hakuna aliyetarajia kuuona. Ungedhani huo ndio wakati wa kumwuliza mtu anayejua ulezi unavyoweza kushiba bila mfuko. Badala yake waliletwa watu wa kuuza mifuko.

Mpima ardhi alikuja katikati ya Septemba, siku ambayo Bertilla alikuwa ameenda mjini kutafuta penseli. Habari zake alizipata kwa Masanja, Msukuma aliyefika Pito na ng’ombe wake miaka minane iliyopita na kuwa jirani mwema, ingawa mdomo wake haukuwa na breki. Alimngojea barabarani.

“Bibi Shamba, leo nimezungumza na serikali,” alisema Masanja. Kila mtu alimwita Bibi Shamba, kama wanavyoitwa wanawake wote wa idara ya kilimo, wawe wamesoma miezi sita au miaka sita.

“Ilisema nini?”

“Ilikuwa kijana mwembamba na kofia. Kaona matuta yako, kasimama. Akaniuliza, ‘Mzee, hapa pamezikwa?’ Nikasema ndiyo, panazikwa kila mwaka. ‘Anazika nani?’ Nikasema Bibi Shamba. ‘Peke yake?’ Nikasema wakati mwingine akina mama wa jumuiya wanakuja kumsaidia. Akavua kofia.”

Bertilla alisimama. “Hukumwambia ni majani?”

“Hakuuliza ni nini. Aliuliza kama pamezikwa. Na mimi nikasema moyoni, mtu na elimu yake atakanyaga Ufipa asijue ntumba? Mimi mwenyewe wa kuja nilijua wiki ya kwanza. Niliwacheka, lakini nilijua.” Masanja alihamishia fimbo yake bega jingine. “Akauliza kama ndugu huwa wanatembelea. Nikasema ndugu gani, ni huyu mama tu, kila Ijumaa analala kifudifudi hapo, anatazama chini mpaka jua linapinda. Akaandika. Halafu akajifuta macho, Bibi Shamba. Mimi nikadhani vumbi.”

“Masanja.”

“Akahesabu misalaba. Tisini na sita. Akaondoka bila kunywa hata maji.”

Mtu mwingine angecheka, au angeshukuru na kunyamaza. Bertilla hakuweza lolote kati ya hayo. Maisha yake yote alikuwa amegombana na watu walioandika wasichokiona, na asingekubali kuwa ndani ya daftari la uongo hata kama uongo wenyewe ulikuwa upande wake. Kesho yake asubuhi alivaa gauni lake la ofisini akaenda kwenye ofisi ya ardhi.

Karani, dada mmoja mpole aliyeitwa Agnesi, alisimama alipomwona. “Shikamoo, mama. Pole na msiba.”

“Marahaba. Sina msiba, mwanangu. Nimekuja kusahihisha kosa.”

Afisa alikuwa mtu wa pwani, aliyehamishiwa Sumbawanga miezi minne tu iliyopita, na alivaa sweta mbili kama anayejiandaa kwa safari ya mbali zaidi. Kwenye kiti cha wageni alikaa Victor, mwakilishi wa Mavuno Mapya, kijana mwenye tai. Pembeni yake alikaa Flavian, na mkoba wake magotini.

“Yale si makaburi,” alisema Bertilla. “Ni matuta ya majani.”

“Mama, tuanze polepole,” alisema afisa. “Hapo Pito, umezika au hukuzika?”

“Nimezika. Majani.”

“Umezika. Na misalaba ni yako?”

“Ni vigingi. Seremala ndiye aliyevitengeneza hivyo.”

“Seremala gani?”

“Wa parokia.”

Afisa alimgeukia Victor na kuinua mikono, kama anayesema kwamba ushahidi umekamilika. Victor alikuwa ameanza kutoa jasho pamoja na baridi yote ile. “Makaburi tisini na sita,” alisema. “Mimi niliambiwa ni eneo wazi. Mtu wa trekta akisikia hili, hata kwa risasi haendi.”

“Mwulizeni mkuu wangu,” alisema Bertilla. “Huyu hapa. Amezaliwa Ufipa, anajua ntumba kama anavyojua jina la mama yake. Flavian, waambie.”

Wote walimtazama Flavian. Bertilla aliliona tatizo likimpanda usoni taratibu, naye hakumhurumia hata kidogo. Akisema ni matuta, atakuwa ametia saini kwamba hakuna jaribio mahali penye jaribio la miaka kumi na miwili. Akisema ni makaburi, atakuwa ameyakagua makaburi tisini na sita asiyaone. Flavian alifungua mkoba, akatazama ndani, akaufunga.

“Suala hili ni la kitaalamu,” alisema hatimaye. “Mimi ninawaachia wenye ardhi.”

“Umesikia, mama,” alisema afisa. “Alichokipima mpima hakifutwi kwa maneno. Kinafutwa kwa kupima tena, na kupima tena ni bajeti ijayo. Kwa sasa utaratibu ni huu: wewe uliyezika unajaza fomu, tunabandika tangazo la mwaka mmoja kwa ajili ya ndugu, na ndani ya mwaka huo hapaguswi na trekta wala jembe la mtu mwingine. Wewe endelea kupatunza kama kawaida. Agnesi, mpe mama fomu.”

“Narudia kwamba si makaburi.”

“Tunaelewa,” alisema afisa, na sauti yake ikalainika. “Kila mtu ana namna yake ya kuomboleza.”

Alirudi Pito na fomu nne, kila moja na mistari ishirini na minne, amekasirika kiasi kwamba alipita kwa Masanja bila kumwona. Alikusudia kuzirudisha tupu. Aliketi barazani, akazisoma kwanza, kwa sababu hakuwa mtu wa kukataa kitu kabla ya kukisoma. Safu zilikuwa hizi: jina la aliyezikwa, jamii yake, tarehe ya kuzikwa, kina, hali ya mabaki kwa makadirio, aliyezika. Safu ya mwisho, pana kuliko zote, ilikuwa maelezo mengineyo, na chini yake maneno madogo: tumia karatasi za ziada ikibidi.

Alizisoma tena. Katika miaka kumi na miwili hii ilikuwa karatasi ya kwanza ya serikali kumwuliza amezika nini, lini, kwa kina gani, na kimeozaje.

Alijaza kwa siku tatu, kuanzia alfajiri mpaka ng’ombe wa Masanja waliporudi. Hakuandika neno hata moja ambalo si kweli. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya ukoka, ya pili ya sangari, ya tatu ya marejea, ya nne ya nyasi za kuezekea. Kwenye kina aliandika sentimita, kwenye hali ya mabaki aliandika alichokiona Ijumaa hadi Ijumaa. Kisha akachukua karatasi za ziada, kwa kuwa ilibidi, akanakili majedwali yote na michoro ya mizizi tangu 1983. Pamoja na fomu, zilifika arobaini na moja.

Alipozipeleka, Victor na Flavian walikuwa hapo tena, wakisubiri kuona kama mambo yatakwisha haraka. Afisa alizipima karatasi kwa kiganja, akaguna, akafungua moja ya katikati.

“Marejea,” alisoma. “Marehemu Marejea. Huyu ni wa jamii gani, umeandika?”

“Jamii ya mikunde.”

“Mikunde.” Afisa alifikiri. “Hao si ndio wako kule ziwani, Kasanga?”

“Wapo hata Kasanga.”

“Nilijua. Na wamekufa wengi siku moja, naona. Ugonjwa?”

“Hapana. Jembe.”

Flavian alikohoa kama mtu aliyepaliwa. Afisa alitikisa kichwa kwa masikitiko juu ya dunia na watu wake, akagonga muhuri kwenye karatasi ya juu, kisha akamsukumia Agnesi muhuri na rundo lililobaki ili amalizie. Hakufungua ukurasa wa pili. Bertilla alimsubiri aufungue. Alisimama pale mezani dakika nzima, akimpa nafasi. Afisa alidhani anasubiri kufarijiwa, akamwambia Mungu atamtia nguvu.

“Na sisi?” aliuliza Victor.

“Ninyi tafuteni penye watu hai.”

Mavuno Mapya walihamia Laela, kando ya barabara, mahali ambapo mabasi yangeweza kuliona bango lao. Bango lilikuwa zuri. Mahindi yalipandwa yakiwa yamechelewa, yakala mbolea yote waliyopewa, kisha Februari yakakosa mvua kwa wiki tatu na kusimama njano chini ya picha ya mahindi ya kijani. Flavian alihudhuria semina kuhusu mafanikio ya shamba hilo, akarudi na mkoba wa kahawia.

Pito, wiki hizo tatu, Bertilla alilala kifudifudi kila siku badala ya kila Ijumaa. Nyuma ya vioo vya marejea mizizi ilikuwa imejibanza katika lile tabaka jeusi, nalo lilikuwa bado bichi kwa maji. Ulezi juu ulinyong’onyea mchana, jioni ukainuka. Juni akavuna. Sehemu ya nne, ile nyekundu yenye changarawe ambayo kila mtu aliidharau, ilitoa zaidi katika kuzikwa kwa mara ya tatu kuliko ilivyotoa ya kwanza na ya pili. Ardhi ilikuwa haijachoka. Aliandika taarifa yake, nayo ikarudi kutoka kituoni na mstari mmoja wa wino mwekundu: hakuna fungu la kuchapisha.

Mwezi wa saba Agnesi alikuja Pito kwa miguu, amebeba daftari.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Wameamua kupima tena?”

“Hapana, mama. Nimekuja kwa shida yangu.” Agnesi aliinamisha kichwa. “Mama yangu analima Laela. Mbolea hatuiwezi. Nilitaka kukuuliza, huyu marehemu wa karatasi ya tatu, ni lazima azikwe Februari, au hata Machi inafaa?”

Bertilla alilitazama lile daftari. “Umesoma?”

“Zote arobaini na moja. Nilipokuwa nagonga muhuri nikaona mizizi. Nikasema, hii ni ntumba.”

“Na hukumwambia mkubwa wako.”

“Hakuniuliza,” alisema Agnesi, na kwa mara ya kwanza alitabasamu. “Nami nikimwambia kitu asichouliza, husema nina dharau.”

“Nani mwingine amelisoma hilo jalada?”

“Panya, mama. Nao wameanzia ile karatasi aliyoigonga afisa.”

Walitembea mpaka kwenye matuta mapya ya Februari, Agnesi akiuliza na kuandika, akiuliza tena pale ambapo jibu halikumtosha. Aliuliza vizuri kuliko yule mtaalamu mgeni, na hakuulizia choo. Bertilla alimfungia mbegu za marejea katika kitambaa, akamwambia Machi ni kuchelewa. Kisha akaingia ndani akatoka na karatasi moja, hesabu ya mavuno ya Juni, ya arobaini na mbili.

“Hii iwekwe mwisho wa jalada,” alisema. “Lakini haina muhuri.”

Agnesi aliikunja kwa uangalifu, akaitia ndani ya daftari lake. “Muhuri ninao mimi,” alisema.